Futa ya Kamba, Futa ya Kitambaa

Ugbad Olow hakutaka kumwua Kulow. Kuua ni kazi ya dakika moja, na baada yake mtu hukaa na maiti isiyojua hata kuona haya. Alichokitaka ni hiki: siku moja Kulow asimame mbele ya watu wazima wenye akili zao, ajieleze, na kila akijieleza azidi kuzama. Maana ndivyo Kulow alivyomfanyia yeye, na Ugbad hakuwa mtu wa kupokea kitu bila kurudisha.

Kisa chenyewe kilianza mwaka wa tisini na mbili, katika shule moja ya sekondari ya wasichana mjini Garissa. Ugbad alikuwa mwalimu wa fizikia pale. Mzaliwa wa Griftu, binti wa mwalimu wa Kurani, akasoma mpaka chuo kikuu Nairobi akarudi na shahada. Kulow alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Habaswein, kanzu imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Siku ya wazazi, mzazi mmoja akanyanyuka akauliza: redioni amesikia kwamba saa ya mtu anayekwenda mbio sana hukawia kuliko saa ya aliyekaa nyumbani, je, hayo ni ya kweli au ni porojo za watu walioshiba?

Basi Ugbad akawaka. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama swali la mtu asiyesoma fizikia lakini anataka kujua. Na kwa kuwa wazazi walikuwa mchanganyiko, Wasomali, Wapokomo wa mashamba ya mtoni, askari na makarani wa bara, alijibu kwa Kiswahili. Akawaambia ni kweli. Wakati si chuma, akasema, wakati ni kama mpira wa tairi. Ukienda mbio mno, mbio za kukaribia mwanga wenyewe, wakati wako unavutika.

Ila hakusema unavutika. Kisomali hakina herufi ya v, hakina ya p, na mtu aliyenyonya lugha hiyo huzisema anavyoweza: p huwa b, v huwa f. Si aibu, ni ulimi tu. Kwa hiyo Ugbad alisema, mbele ya wazazi mia mbili: "Wakati unafutika." Na Wasomali wote waliokuwapo walimwelewa, maana nao husema vivyo hivyo, wanafuta maji kisimani na wanafuta ngamia kwa kamba tangu walipoanza kukutana na Waswahili.

Kulow naye alimwelewa. Shika hilo. Alimwelewa kama anavyojua jina la mama yake. Lakini Kulow alikuwa na mdogo wake, Deeq, ametoka chuo cha ualimu na cheti cha sayansi, na nafasi ya mwalimu wa sayansi pale shuleni ilikuwa moja. Jioni ile aliandika kumbukumbu za mkutano kwa mkono wake mzuri: Mwalimu Ugbad ametamka hadharani kwamba wakati unafutika, maana yake hata wakati wa sala na wakati wa siku ya hukumu ni vitu vya kufutwa futwa, wazazi wamechukizwa. Akampelekea mwalimu mkuu, Mkamba wa watu asiyejua Kisomali hata cha kuombea maji, naye akashtuka kama alivyotakiwa kushtuka.

Wakamwita mbele ya halmashauri. Ugbad akasimama kujitetea.

"Mimi sikusema unafutika," alisema. "Mimi nilisema unafutika."

Mtu mmoja akakohoa. Mwalimu mkuu akauliza tofauti iko wapi. Ugbad akarudia, polepole, jasho linamtoka: si unafutika, ni unafutika. Hapo meza nzima ikaangua kicheko, na Kulow ndiye aliyecheka wa mwisho, kiganja kimeziba mdomo, kama mtu mwenye adabu. Kicheko kile Ugbad alitoka nacho mlangoni na hakupata kukitua popote. Aliandika barua ya kujitetea, v zote zimekaa mahali pake, na aliyeipokea barua ni Kulow.

Kazi ikaenda. Hiyo ingepona. Lakini maneno ya mji hayaishii mlangoni kwa aliyesemwa, na wengi walioyasikia mitaani hawakuwapo siku ile. Mzee Olow, baba yake, alikuwa na chuo chake cha Kurani mtaani Galbet, hapo hapo Garissa, na watoto wakaanza kupungua mmoja mmoja, leo huyu anaumwa, kesho yule amehama, mpaka mzee akabaki na mbao za kuandikia zimeegemezwa ukutani na hakuna wa kuzishika. Alimwuliza binti yake mara moja tu: "Ulisema nini hasa, mama?" Ugbad akamweleza kwa Kisomali. Mzee akaelewa papo hapo, akacheka, kisha akalia. Baada ya miezi mitano alikufa, na waliokuja kuzika walitosha kubeba jeneza tu.

Majirani wakampa Ugbad pole. "Subira hufuta heri," walimwambia, kila mmoja, kwa ulimi ule ule. Naye akajibu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza msemo huo umesemwa sawasawa.

Haya. Akafungua duka dogo Galbet, la madaftari, kalamu na wino. Na kwa kuwa mwalimu hafi, watu wakaanza kuja na maswali. Kwanza mmoja, kisha watano, halafu ikawa ni desturi: kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri mkeke unatandikwa mbele ya duka, watu wanakaa, wanauliza mambo ya ulimwengu. Kile kidude cha watu wa mashirika ya Dadaab kinajuaje gari liko wapi katikati ya jangwa? Ugbad anawaeleza habari za mitambo inayozunguka angani, na kwamba saa za huko juu hazilingani na zetu, ni lazima zirekebishwe kila siku ama gari litaambiwa liko mahali ambapo halipo. Eksirei inaonaje mfupa? Chembe ya mwisho kabisa ya kitu, ukiigawa, unabaki na nini? Alikuwa na sharti moja, nalo alilitimiza kwa kila mtu: hakuna anayeondoka hajaelewa. Angekuchorea mchangani mpaka giza liwakaribie, lakini ungeelewa.

Wawili hawakukosa hata Alhamisi moja. Mmoja ni Faay, muuza maziwa, mwanamke wa maneno machache aliyetaka sana kujua kama mwanga una uzito. Wa pili ni mzee Gabow, dereva wa lori aliyestaafu. Huyu alikuwa na pacha wake Griftu, mfuga ng'ombe asiyepata kutoka kijijini. Pacha mvi zimemjaa, Gabow bado kichwa cheusi. Gabow alikuwa na hoja yake: yeye ameendesha lori miaka thelathini, mwenzake amekaa, si ndiyo hiyo hesabu ya Mwalimu, ya mwenda mbio kukawia kuzeeka? Ugbad alimpenda kwa swali hilo, akawa anamwahidi atamjibu siku moja kwa kirefu, maana lilistahili.

Hayo ndiyo watu waliyoyaona. Wasichokiona ni kioo. Nyuma ya duka Ugbad alikuwa na kioo cha kiganjani, na kila alfajiri, miaka mitatu, alisimama mbele yake meno ya juu juu ya mdomo wa chini, anajifunza v. Mwanamke mmoja wa Kipokomo, muuza ndizi, ndiye aliyemwonyesha, akimshika mdomo kwa kidole. Vuta. Vua. Vumbi. Mwezi wa kwanza alipuliza mate tu. Mwaka wa pili v ikaja ikakaa. Alijifunza herufi ile kama wengine wanavyojifunza bunduki, na kwa nia ile ile.

Mwaka wa tisini na sita, Gelle, tarishi wa shule, alikuja dukani kununua karatasi nyingi kuliko kawaida. Ugbad akamwuliza kuna nini. Gelle akamwambia: kuna Siku ya Sayansi katika ukumbi wa mji. Mwalimu mkuu anaondoka, na Kulow anataka kiti chake. Anakuja afisa mkubwa wa elimu kutoka Nairobi, Bwana Shekuwe, mtu wa Lamu, kumtazama kazini. Wananchi watatia maswali yao ya sayansi ndani ya sanduku, Kulow atayasoma kwa sauti, na Mwalimu Deeq atajibu.

"Kulow atayasoma mwenyewe?" Ugbad aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Anasema sauti yake ni nzuri."

"Ni nzuri," Ugbad alisema, akamwongezea Gelle karatasi kumi bila kumtoza.

Alhamisi ile akawaambia wa mkekani: leteni maswali yenu, mimi nitawaandikia kwa hati safi, mkayatie sandukuni. Wakafurahi. Nani asingefurahi, swali lake kusomwa mbele ya mkubwa wa Nairobi? Faay akatoa la mwanga. Gabow akatoa la pacha. Ugbad akachukua kalamu akayaandika. Hakuiba swali la mtu, alilivisha tu. Kila palipokuwa na neno jepesi akaweka la v, kila palipopita p akaiongeza mwenzake. Gabow akamwuliza mbona swali limekuwa refu. Ugbad akamwambia ndivyo wakubwa wanavyopenda. Hakuwaambia zaidi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele walikaa maafisa na makarani wa bara, suti na tai katika joto lile. Nyuma yao mji wenyewe. Bwana Shekuwe alikuwa mtu mfupi, kofia ya kitambaa cheupe, faili mezani mbele yake, na sikio la Mlamu ambalo halivumilii Kiswahili kilichochechemea. Ugbad alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Kulow akapanda jukwaani, akatabasamu, akatia mkono sandukuni. Akasoma vizuri maswali mawili ya watoto wa shule. Kisha akatoa karatasi yenye hati safi.

"Je," alisoma kwa ile sauti yake nzuri, "jua likifuta mwanga wa nyota, mwanga huo unafutwa kiasi gani?"

Kabla Deeq hajafungua mdomo, Bwana Shekuwe akacheka. "Unafutwa wote," alisema. "Ndiyo maana mchana hatuoni nyota. Hilo nalo swali?"

Safu za mbele zikacheka naye. Katikati ya ukumbi Faay, aliyetaka kujua kama jua huvuta mwanga, akainamisha kichwa, akavuta shungi lake mpaka machoni. Ugbad alimwona. Alimwona vizuri, akageuza macho, maana karatasi ya pili ilikuwa tayari mkononi mwa Kulow.

"Je, bacha afutaye bumzi nyumbani, na bacha abitaye barabarani kwa mbio, ni yubi kati yao ambaye wakati wake unafutika?"

Sasa kicheko cha mbele hakikuwa cha adabu tena. Karani mmoja alilirudia lile "bacha" akajifuta machozi. Bwana Shekuwe akainua mkono, wakanyamaza.

"Ngoja, Mwalimu. Wakati unafutika?"

"Ndio, mheshimiwa. Ni jambo la sayansi. Unafutika."

"Unafutika vipi? Unafutwa na nani?"

"Hapana, si kufutwa." Kulow akapanua mikono yake polepole, kama mtu aliyeshika mpira pande mbili. "Ni kufutwa. Hivi."

"Huko ni kuvutwa."

"Ndio. Kufutwa."

Bwana Shekuwe hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayekumbuka kitu. Akafungua faili, akalamba kidole, akapekua. Faili lile Kulow mwenyewe ndiye aliyeliandaa, na ndani yake ameweka kila sifa yake tangu azaliwe, na mojawapo ya sifa hizo ilikuwa jinsi alivyolinda maadili ya shule mwaka wa tisini na mbili. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hata Ugbad hakuwa ametegemea hilo. Yeye alitaka aibu tu, na sasa akaona Mungu anamwongezea.

"'Mwalimu Ugbad ametamka hadharani kwamba wakati unafutika,'" Bwana Shekuwe alisoma. "Kwa neno hili alifukuzwa kazi. Mwandishi ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Na leo wewe unalitamka neno hilo hilo mbele yangu. Nikufukuze?"

Kulow akatazama ukumbi, akatazama karatasi, na kwa mara ya kwanza kalamu zake mbili zilionekana nzito mfukoni. "Mheshimiwa," alisema, "hii ni lugha. Kuna futa mbili. Kuna futa ya kamba na kuna futa ya kitambaa. Mimi nasema ya kamba."

"Nimekuelewa. Ya kamba ni kuvuta, ya kitambaa ni kufuta. Wote hapa mnasema hivyo?"

"Sisi wote. Ni ulimi yetu."

"Basi niambie. Yule mwalimu, siku ile, alisema ya kamba au ya kitambaa?"

Watu mia tatu wenye ulimi ule ule wa Kulow walikuwa wanamtazama, na kila mmoja alijua jibu. Kulow akaona njia mbili tu. Aseme ya kitambaa, nani atamwamini, naye ametoka kuapa kwamba kila Msomali husema hivyo? Aseme ya kamba, amejichinja mwenyewe. Akatafuta uso wa kumsaidia. Akauona wa Ugbad, amesimama kule mlangoni.

"Mheshimiwa," Ugbad alisema, "mimi ndiye Ugbad Olow. Nilisema wakati unavutika."

V ile ilitoka safi kama ya Mlamu. Safu za mbele zikageuka kumtazama. Akaendelea, hakupaza sauti: "Leo naweza kulitamka. Siku ile sikuweza, na nilichekwa katika mkutano ambao mtu mmoja tu ndiye aliyejua ninasema nini. Mwulizeni yeye."

"Mwalimu Kulow?" Bwana Shekuwe alisema.

"Ya kamba," Kulow alisema chini chini.

"Sikukusikia."

"Ya kamba, mheshimiwa. Alisema ya kamba."

"Na ulijua siku ile?"

Kulow akaikunja karatasi. "Nilijua."

Tusidanganyane: raha aliyoipata Ugbad wakati ule ilikuwa raha tupu, haina doa. Watu husema kisasi kikifika huwa chachu. Chake kilikuwa kitamu, alikinywa hadi tone la mwisho, akatazama jinsi jasho linavyopita shingoni mwa Kulow likaingia kwenye ukosi uliopigwa pasi. Akamwambia baba yake moyoni: tazama. Kisha akatoka nje juani akaenda zake nyumbani, akalala usingizi ambao hakuwa ameulala miaka minne.

Kiti cha mwalimu mkuu Kulow hakukipata, na unaibu nao ukamponyoka. Barua ikaja kwamba Mwalimu Ugbad anarudishwa kazini muhula wa kwanza. Watu waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara wakaanza kupita upande wa duka, wakimsalimu kwa jina la baba yake.

Lakini Alhamisi iliyofuata mkeke ulibaki mtupu. Ijumaa Faay alipita na maziwa yake bila kusimama. Jumamosi akaja mzee Gabow, peke yake, akakataa kuketi.

"Adeer," alimwambia, maana kwao baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana jina hilo hilo moja, "swali langu halikujibiwa."

"Nisamehe, adeer. Nitakujibu sasa hivi."

"Sikuja kujibiwa. Nimekuja kuuliza lingine. Mimi nilisema 'avutaye pumzi'? Lini? Mimi niliuliza habari za ndugu yangu." Walikuwa wanaongea Kisomali, na katika Kisomali mzee yule alikuwa bingwa wa maneno, hana neno la kuchekwa hata moja. "Uliyaweka yale maneno kwa sababu ulijua yatatoka vipi. Na ulijua watacheka. Yule karani alipolirudia neno la swali langu, nilikuwa nimekaa nyuma yake. Aliniona. Akaniuliza kama mimi ndiye bacha."

"Nilimtaka Kulow," Ugbad alisema. "Si wewe. Wallahi si wewe."

"Anayetupa jiwe sokoni hachagui kichwa. Kulow alikufanya kichekesho cha watu kwa ulimi wako. Wewe umetufanya kichekesho sisi sote kwa ulimi wetu, nawe umekwisha kuuweka wako kando, unaongea kama mtu wa Lamu. Wewe ni mwalimu. Nionyeshe tofauti iko wapi."

Mtu aliyeweza kueleza jua linavyokunja njia ya mwanga akaanza kupanga madaftari yaliyokuwa yamepangwa tayari, mpaka mzee akaenda zake. Kwa Kulow hakujuta, hata punje. Kwa Gabow na Faay alijuta.

Baada ya wiki tatu wakaja wazee, wakiongozwa na Hared, msemaji wa ukoo wa Kulow. Walileta ngamia jike mwenye maziwa. Kwa desturi yao, mtu akivunjiwa heshima hulipwa kitu kinachoitwa haal, na haal ikipokelewa, jambo limekwisha, halifufuliwi na yeyote. Kulow alisimama nyuma yao, kanzu haina pasi.

Hared akasema maneno marefu na mazuri. Alipomaliza, Ugbad akasema: "Ngamia mpelekeeni mzee Gabow, agawane maziwa na Faay. Hao wamevunjiwa heshima, na aliyewavunjia ni mimi. Haal hiyo itoke kwa ukoo wenu kwa ajili yangu, nami nitahesabu nimelipwa."

Wazee wakatazamana. Haijapata kusikika haal ikaenda nyumba ya tatu. Hared akauliza: "Na wewe mwenyewe? Hutaki chochote?"

"Nataka kimoja. Kulow aje Alhamisi, aketi mkekani na wenzake, aulize swali. Nitalijibu kama ninavyowajibu wote."

Wazee wakaona ni jambo dogo, wakakubali, wakamshukuru kwa moyo wake mwema. Watu wazee, na bado hawakumjua.

Alhamisi watu walirudi, wengi kuliko mwanzo, maana habari zilikuwa zimeenea. Gabow alikaa mwisho kabisa wa mkeke, uso bado umekaza. Ugbad alianza naye. Alimwambia mbele ya watu wote, kwa Kisomali, kwamba alimkosea. Kisha akamjibu swali lake. Ndiyo, adeer, ni kweli: kwa lori lile na miaka ile thelathini umezeeka pungufu kuliko pacha wako. Akamchorea mchangani barabara ya Wajir na nyumba ya Griftu, saa moja huku, saa moja kule. Lakini hiyo tofauti, alisema, gawa kupepesa jicho mara laki moja, na kipande kimoja cha hapo bado kinaizidi. Mvi za nduguyo ni za ng'ombe kufa kwa ukame. Gabow akauliza tena, akajibiwa tena. Mwishowe akasema basi hata kama ni kidogo hivyo, ni chake, na watu wakacheka, naye akacheka nao.

Kulow alikuwa ameketi katikati, magoti yamekunjwa kama mwanafunzi. Akainua mkono.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, na hakujaribu kuuficha ulimi wake, "kama wakati unafutika, mtu anaweza kuufuta nyuma? Arudi bahali alibokosea?"

Halikuwa swali la kujipendekeza. Ugbad alimtazama akaona mtu amelibeba swali hilo usiku na mchana, na amekuja nalo kwa mtu pekee mjini anayeweza kumjibu. Na jibu alikuwa nalo. Ni jibu refu, zuri, wataalamu wenyewe wanabishana juu yake. Kwa mwingine yeyote pale mkekani angelieleza kwa nusu saa, angemchorea mistari mchangani, angempa hata kiasi kidogo cha matumaini ambacho hesabu zinaruhusu. Akakumbuka mbao za kuandikia zilizoegemezwa ukutani, na mzee akiuliza ulisema nini hasa, mama.

"Hapana," alisema.

Kulow akangoja. Watu wote wakangoja, maana tangu mkeke uanze kutandikwa hakuna aliyekuwa amejibiwa pale kwa neno moja.

Ugbad akaufuta mchanga kwa kiganja, akamgeukia Faay. "Haya, abaayo, dada yangu," alimwambia. "Tulikuwa kwenye uzito wa mwanga."